Usikae na sura ya mtu: namna ninavyosimamia wanafunzi wa uzamili na uzamivu

Mwanafunzi wangu wa kwanza wa uzamili alikosa msimu wa mvua kwa sababu yangu. Alikuwa afisa kilimo wa wilaya, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, na mwajiri wake alikuwa amempa ruhusa ya masomo ya miaka miwili, basi. Utafiti wake ulikuwa wa mtama Kongwa, mkoani Dodoma: kulinganisha matuta ya kawaida na matuta yaliyofungwa katikati ili maji ya mvua yasikimbie. Pendekezo la utafiti aliniletea mwishoni mwa Agosti. Nikalipokea kwa furaha, nikaliweka juu ya rundo, likakaa hapo wiki 11. Nilikuwa na mitihani ya kutunga, warsha ya kuhudhuria, msiba wa shangazi. Sababu zote za kweli. Nilipomrudishia ilikuwa katikati ya Novemba, na bado lilitakiwa kupita idarani, kisha kwenye ndaki, ngazi iliyo juu ya idara, kisha zianze barua za vibali. Mvua ya kupandia ilinyesha wiki ya pili ya Desemba. Yeye alikuwa mjini anasubiri sahihi.

Anayejua Dodoma anajua maana yake. Kule hakuna vuli na masika. Msimu ni mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na ukikupita unakaa kusubiri Desemba nyingine. Yule bwana alimaliza baada ya mwaka wa ziada, ruhusa imekwisha, akiandika usiku baada ya kazi. Hakunilalamikia hata siku moja. Kila akija alikuja na shikamoo yake ileile, anakaa, anafungua daftari. Angenitukana ningepata nafuu.

Tangu wakati huo nimesimamia wanafunzi wa uzamili 19 na wa uzamivu 6, karibu wote wa udongo na mazao ya nyanda kavu. Nimesikia pia malalamiko mengi ya wanafunzi wa wenzangu, kwa sababu mlango wangu uko karibu na ngazi na watu hupumzika hapo. Wanaotaja ukali wa msimamizi ni wachache, na wanaosema hajui kazi yake ni wachache zaidi. Wengi wanasema: nimempelekea tangu Machi. Kwa hiyo haya ninayoyaandika kwa walimu wenzangu, hasa mnaoanza, kwa sehemu kubwa ni mambo ya kalenda.

Siku kumi

Nina sheria moja niliyoibandika mlangoni. Sura moja ya tasnifu narudisha ndani ya siku 10 za kazi. Tasnifu nzima siku 20. Kama sitaweza, nasema siku ninayopokea, si siku ya tisa. Nina kaunta buku lenye safu tatu: jina, tarehe iliyoingia, tarehe iliyotoka. Mwanafunzi yeyote anaweza kulifungua akaangalia. Mwezi wa kwanza liliniaibisha vibaya, na aibu ile ilifanya kazi ambayo nia njema ilikuwa imeshindwa.

Sheria hiyo haiwezekani kama una wanafunzi kumi na wawili. Piga hesabu. Sura ya kurasa 50 mimi huisoma kwa saa nne, nikiisoma kweli. Wanafunzi watano wakileta sura mwezi mmoja ni saa 20, juu ya vipindi, mitihani na vikao. Wa sita namkataa, na namkataa mapema, huku nikimwelekeza kwa mwenzangu anayemfaa zaidi. Wengine wanaona ufahari kuwa na orodha ndefu, na kwenye maombi ya kupandishwa cheo orodha hiyo inapendeza. Lakini anayekubaliwa na msimamizi asiye na muda hajakubaliwa, amewekwa foleni.

Kuhusu kusoma kwenyewe. Mara ya kwanza soma bila kalamu. Nilikuwa napiga mistari myekundu tangu ukurasa wa kwanza, nikifika wa thelathini nagundua kwamba tatizo la sura si viambishi wala nukta, ni kwamba haina hoja. Sasa nikimaliza kusoma naandika juu ya ukurasa wa kwanza sentensi moja: "Nimeelewa kuwa sura hii inasema hivi." Nikishindwa kuiandika, hayo ndiyo maoni yangu ya kwanza, na mara nyingi yanatosha kwa raundi hiyo.

Kisha natumia rangi. Nyekundu ni jambo ambalo lisipobadilika mtahini wa nje atalirudisha. Bluu ni wazo la kufikiriwa. Unaweza kulikataa ukiniambia kwa nini. Penseli ni lugha. Kabla ya rangi hizi mwanafunzi alikuwa anapokea alama 200 zinazolingana uzito, anaanza na zile rahisi, koma na herufi kubwa, anarudisha sura akisema amerekebisha yote, na kumbe lile kubwa bado limelala palepale. Lugha narekebisha kurasa mbili tu. Zilizobaki afanye mwenyewe kwa kufuata mfano.

Tena, neno "fafanua" pembeni mwa aya si maoni. Wala "dhaifu". Wala ile alama ya kuuliza peke yake, ambayo mimi nilipewa 31 katika sura moja nikiwa mwanafunzi na mpaka leo sijui kumi kati yake zilihusu nini. Andika swali linalojibika: "Unasema unyevu uliongezeka. Ulipima kina gani, sentimita 20 au 60, na siku ngapi baada ya mvua?" Swali kama hilo linachukua nusu dakika zaidi kuliandika, na linamwokolea mtu wiki nzima.

Shikamoo, na neno "sawa"

Mwanafunzi anaingia, "Shikamoo Prof," anakaa ncha ya kiti. Unaongea dakika arobaini. Anaandika kila kitu. Unauliza, "Tumeelewana?" Anasema, "Sawa, mwalimu." Anatoka, anamfuata mwenzake kantini: "Hivi Prof alikuwa anamaanisha nini?"

Miaka mingi nilihesabu "sawa" kuwa ni jibu. Nilizinduka kwa kisa kimoja. Nilimwambia kijana mmoja, "Ongeza marudio." Nilikuwa na maana kwamba badala ya vitalu vitatu kwa kila namna ya tuta aweke vinne. Yeye akaelewa arudie jaribio lote mwaka wa pili. Alikwenda kumwomba mfadhili pesa za msimu mwingine, mfadhili akanipigia simu akiniuliza kulikoni. Kijana alikuwa amekaa na wazo hilo miezi miwili, hapati usingizi, na hakuona kwamba inafaa kuniuliza, kwa sababu mkubwa amesema.

Tangu hapo kila kikao kinafungwa kwa ujumbe wa mwanafunzi, jioni ileile, nusu ukurasa: tumekubaliana nini, nani anafanya nini, tunaonana lini. Anauandika yeye. Si kazi ya ukarani, ni kioo. Nikisoma naona mara moja pale nilipoeleza vibaya, na mara nyingi mwenye kosa ni mimi. Ujumbe huo pia umetuokoa zaidi ya mara moja mbele ya jopo, pale mjumbe anapouliza nani aliruhusu mbinu ibadilishwe.

Jambo la pili ni lugha. Tasnifu zetu za kilimo zinaandikwa kwa Kiingereza, na wengi wetu tunafikiri kwa Kiswahili, au kwa Kigogo, Kihehe, Kisukuma. Mwanafunzi akileta aya iliyojaa maneno makubwa yasiyosema kitu, usianze kumsahihisha Kiingereza. Mwambie afunge kompyuta. "Nieleze kwa Kiswahili, kama unamweleza mwenyekiti wa kijiji kwa nini umechimba shimo kwenye shamba lake." Aweke simu irekodi. Dakika tano zinatosha. Karibu kila mara anaeleza vizuri, kwa mpangilio, na mfano juu. Basi akasikilize, aandike hayo. Mabinti wawili wa uzamivu waliandika sura zao za mjadala kwa njia hii tangu mwanzo mpaka mwisho, na mtahini wa nje alisifu uwazi wake.

La tatu ni gumu zaidi: kuwafundisha kukupinga. Nawaomba kila mwezi waje na jambo moja ambalo mimi nimekosea. Miezi ya kwanza wanakuja na herufi niliyoiruka. Siku moja mwanafunzi wa uzamili, sauti haisikiki, akaniambia uchambuzi wa takwimu niliokuwa nikiufundisha kwa vitalu vilivyogawanywa ulikuwa na kasoro. Nilikuwa navihesabu vitalu vidogo kana kwamba kila kimoja kinajitegemea. Nilikwenda nyumbani nikakesha. Alikuwa sahihi. Kwenye semina ya Ijumaa nilisema mbele ya wote ni nani aliyeligundua. Baada ya hapo sikuhitaji kumwomba mtu.

Shikamoo sijaiondoa. Mimi mwenyewe bado namwamkia aliyenisimamia, mzee wa miaka zaidi ya themanini, na sitaacha. Heshima na hoja zinakaa chumba kimoja, ila mwenye chumba ndiye wa kuzikaribisha zote mbili.

Nenda shambani naye

Walau mara moja kwa kila mwanafunzi, panda gari mwende mahali pa utafiti. Huwezi kumsimamia mtu kwenye udongo usioujua.

Nikiwapeleka Kongwa nawasimulia habari ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika ili kupata mafuta ya kula baada ya vita, na Kongwa ndipo walipoanzia. Wakaleta matrekta, wakajenga kambi. Udongo wa pale una mfinyanzi. Kiangazi unakauka ukawa kama tofali, na mvua haikuwa ya kutegemewa. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, hasara ikahesabiwa kwa mamilioni ya pauni. Kisha naweka mkono kwenye pendekezo la utafiti la mwanafunzi na kumuuliza: wewe umeujaribu udongo huu lini?

Maana yake ni majaribio ya awali. Mwanafunzi mmoja alikuwa na dodoso la kurasa nane, limepita kwenye majopo yote, linamuuliza mkulima mavuno yake kwa kilo kwa hekta. Tukakaa na wakulima watano chini ya mwembe. Hakuna hata mmoja aliyejibu swali lile. Watu wanahesabu magunia na madebe kwa ekari, na gunia lenyewe halina ujazo mmoja, maana kuna la lumbesa, lililojazwa kupita mdomo wake. Asubuhi moja ikasahihisha kilichowapita maprofesa sita, nikiwemo.

Barua za vibali zianze mapema kuliko unavyofikiri. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, halmashauri, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji, na kila ngazi ina mtu aliyesafiri. Mimi humwambia mwanafunzi aanze kuandaa barua siku ileile jopo la idara linapopitisha pendekezo. Huko kijijini, aende mwenyewe kusalimia kabla ya kupima chochote. Afisa ugani wa kata akiwa upande wake, vigingi vyake havitang'olewa.

Halafu kuna ndege. Mwaka mmoja binti mmoja alikuwa na mtama mzuri kuliko wote niliowahi kuona kwenye vitalu, wiki mbili kabla ya kuvuna. Kweleakwelea wakashuka. Alinipigia saa moja asubuhi akilia, nikasikia makopo yakigongwa nyuma yake na watoto wakipiga kelele. Jioni hapakuwa na mavuno ya kupima.

Nilimwacha alie. Kesho yake nikamuuliza swali moja: una nini mkononi? Alikuwa na vipimo vya unyevu wa udongo kila wiki mbili tangu Januari, urefu wa mimea, uzito wa majani wakati wa kuchanua, hesabu ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, kwa kila kitalu. Tukabadilisha kichwa cha tasnifu. Ikawa kazi ya unyevu na kiduha badala ya mavuno, na kwa maoni yangu ikawa bora kuliko ile ya kwanza. Siku hizi mwanafunzi akitetea pendekezo lake mbele yangu anajua swali la mwisho litakuwa: "Wakija kweleakwelea?" Hata kama anatafiti mbolea ndani ya maabara, awe na jibu. Umeme ukikatika wiki moja na sampuli ziko kwenye friji, je? Mfadhili akichelewesha awamu ya pili, je?

Makala na majina

Makala inayotokana na tasnifu, jina la kwanza ni la mwanafunzi. Tunaandika hivyo kwenye karatasi mwaka wa kwanza, pamoja na nani mwingine ataingia na kwa kazi gani, kabla hakujawa na kitu cha kugombania. Aliyetoa gari na aliyesaini barua wanashukuriwa, hawawi waandishi.

Mfundishe kutambua majarida ya kitapeli. Dalili hazijifichi: barua pepe inayokusifu kupita kiasi, ahadi ya kuchapisha ndani ya wiki, ada inayotajwa kabla hata makala haijasomwa. Zamani tulikuwa tukiangalia orodha ya majarida hayo ya Jeffrey Beall, mkutubi wa Marekani, ambayo iliondolewa mtandaoni mwaka 2017. Sasa naanza na DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, na kwa majarida ya Afrika AJOL, tovuti inayoyakusanya. Kisha namuuliza mwanafunzi: taja watu wawili unaowaheshimu waliochapisha humo.

Kuhusu kusoma, wengi wanalalamika kwamba makala zinauzwa, na hawajui kwamba vyuo vingi vya nchi zetu vina nywila ya AGORA, mpango wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, unaofungua majarida ya kilimo bure au kwa ada ndogo. Nywila iko kwa mkutubi. Mpeleke maktaba, mtambulishe kwa jina. Na aanze kutunza marejeo kwenye programu ya Zotero tangu wiki ya kwanza, haiuzwi.

Programu zinazoandika zenyewe? Sizikatazi, sina polisi. Ninachofanya ni kuchagua marejeo matano katika sura na kumwambia anifungulie kila moja, anionyeshe ukurasa. Makala isiyokuwepo duniani inajulikana hapohapo.

Mlango

Vikao ni ofisini, mchana, mlango wazi. Si hotelini, si nyumbani, si ujumbe wa saa tano usiku. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai Tanzania, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na msimamizi anayeshikilia sahihi ya mtu ameshikilia maisha yake. Wanaume wenzangu wa idara waliponiambia kwamba mlango wazi unaleta kelele za korido, niliwaambia wazizoee.

Mwanafunzi wako si msaidizi wako wa nyumbani wala wa ofisini. Kusahihishiwa mitihani bila malipo, kutumwa benki, kuchangishwa kwa harusi ya mwanao, hayo yote anayafanya kwa sababu hawezi kukataa, na wewe unajua hawezi.

Ukiwa na msimamizi mwenza, ongeeni ninyi kwanza. Nilishawahi kumwambia mwanafunzi aondoe sura ndogo ya jamii, mwenzangu akamwambia airefushe, na maskini alikuwa na matoleo mawili ya tasnifu kwenye kompyuta, moja la kila bosi. Sasa tunamtumia maoni kwa barua moja. Tukitofautiana, anaambiwa tumetofautiana na nani ana neno la mwisho katika jambo lipi.

Na uliza habari za nyumbani, kwa kweli, si kwa salamu. Niliwahi kumwona mwanafunzi mvivu miezi minne, kumbe mshahara wake umesimamishwa na anaendesha bodaboda jioni. Mwingine alijifungua katikati ya msimu wa kupima. Tulimlipa kijana wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne, akafundishwa siku mbili, akaendelea na vipimo, na mama akawa anapokea namba kwa simu kila Jumamosi. Namba zilikuwa safi kuliko zangu.

Yule afisa kilimo wa kwanza sasa ni mkubwa kwenye halmashauri moja. Wanafunzi wangu wakifika kwake na barua ya kibali haikai mezani. Wanatoka nayo siku ileile, imegongwa muhuri. Mara ya mwisho alinitumia salamu kwa mmoja wao, pamoja na swali kama kaunta buku bado lipo.

Lipo. Mezani nina sura ya tatu iliyoingia Jumatatu ya wiki iliyopita, kurasa 46, na leo ni Ijumaa, siku yake ya kumi.